Binti analia kila siku kutoka Marekani: nimrudishe?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu wa pili ana miaka 16, alikuwa kidato cha tatu. Agosti aliondoka kwenda Marekani kwa mpango wa YES, ule wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wanafunzi wa sekondari, asome mwaka mmoja huku akikaa na familia ya kule, jimbo la Wisconsin, mji mdogo. Mwanzoni picha zilikuja kila siku na furaha tele. Sasa tupo katikati ya Oktoba, na kila nikimpigia usiku baada ya chakula, kama saa mbili na nusu, namkuta anakula peke yake, na mara nyingi analia. Anasema mama wa kule hamsemeshi siku hizi, watoto wa ile nyumba wana mambo yao, usiku analala na njaa, na shuleni hana rafiki. Anataka ahamishiwe familia nyingine. Baba yake anasema arudi nyumbani. Wakati anaondoka nilimuusia asinitie aibu, asiwe ombaomba, asijibizane na wakubwa, na najua ameshika. Nifanye nini?

JIBU: Mama mwenzangu, mwambie baba yake asubiri kwanza, na wewe usiombe ahamishwe wiki hii. Nimeisoma barua yako nikitafuta jambo la hatari, sijaliona. Huko mbele nitakueleza hatari yenyewe inafananaje, maana hilo halina mzaha. Ninachokiona hapa ni mtoto anayetii. Anashika maneno uliyomwambia siku ya kuondoka, neno kwa neno, ndani ya nyumba ambayo utii wa namna hiyo unaonekana kuwa kununa. Na wa kumfungua ni wewe uliyemfunga.

Ila tuanze na saa, kwa sababu ndilo jambo jepesi kurekebisha. Kipindi hiki Dodoma tumewatangulia Wisconsin kwa saa nane. Wewe saa mbili na nusu usiku umeshamaliza vyombo, umekaa, unamtafuta hewani. Kule ni saa sita na nusu mchana. Yupo shuleni, bwaloni, muda wa chakula cha mchana. Ndiyo maana kila ukipiga unamkuta anakula, na ndiyo maana yupo peke yake: yupo na wewe.

Hili linahitaji maelezo kidogo kuhusu shule zao. Kwetu mtoto wa kidato cha tatu ana mkondo wake, darasa lake na dawati lake; walimu ndio wanaoingia na kutoka. Baada ya muhula mmoja anamjua kila mtu hadi mwandiko. Sekondari za Marekani zimegeuza hilo. Mwalimu anabaki chumbani kwake, wanafunzi ndio wanaohama. Kengele ikilia kila mtu anabeba vitu vyake, ana dakika chache za kufika chumba kingine, na huko anakutana na sura nyingine. Hesabu anakaa na hawa, historia na wale. Hakuna darasa letu. Urafiki kwa hiyo hautengenezwi darasani, unatengenezwa kwenye basi la shule, kwenye mazoezi ya jioni, na zaidi bwaloni, katika nusu saa ile ile unayompigia. Mtoto wa miaka 16 wa kule akimwona mwenzake ameshika simu, anaongea lugha asiyoijua na machozi yanamtoka, hawezi kumsogelea. Si majivuno. Anaona mwenzake ana shughuli na watu wake, anapita na sinia lake kwenda meza nyingine. Wiki ya pili na ya tatu meza zinakuwa zimeshapata wenyewe.

Kwa hiyo simu ya saa mbili na nusu iache. Mwambie kwanza sababu, asije akadhani umemkasirikia. Pigeni mara mbili kwa wiki, siku za mapumziko: Jumamosi saa moja usiku kwako, kule ni saa tano asubuhi, hana shule. Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa tisa, kwa hiyo saa moja yako itakuwa saa nne asubuhi yake. Siku nyingine mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, atausikiliza akiwa kitandani. Habari kama mgogoro wa kiwanja au homa ya mdogo wake usimtumie. Akiwa mbali kiasi hicho habari ndogo huwa kubwa, na hana la kufanya. Wala usikate kabisa, kama washauri wengine wanavyopenda kusema. Mtoto anayejua kwamba Jumamosi mama atapiga, anaweza kuvumilia Jumanne.

Sasa wosia.

Chukua meza ya jioni katika ile nyumba. Wanakula mapema, saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili, mapema mno kwa mtu aliyezoea kula saa mbili. Bakuli linazungushwa kila mtu ajipakulie. Linafika kwa binti yako, anachota kidogo, kwa adabu. Mama wa nyumba anamuuliza kama anataka zaidi. Anajibu hapana, asante, kwa sababu kwetu mtoto mwenye malezi haruki na ndiyo mara ya kwanza. Anakataa, anasisitizwa, anakataa kidogo, anapakuliwa kwa nguvu. Kule swali linaulizwa mara moja. Akisema hapana, wamemheshimu, wameamini ameshiba, bakuli limekwenda kwa mwingine na halirudi. Saa tatu usiku tumbo linamsokota. Friji ipo hapo hapo jikoni, na siku ya kwanza kabisa walimwambia achukue chochote anachotaka. Lakini yeye alilisikia hilo kama ile "karibu" yetu, tunayompa mpita njia tukiwa tunakula, naye anajibu asante nimeshiba na kuendelea na safari, na hakuna anayetegemea avute kiti. Wale walimaanisha. Watoto wao wanafungua friji usiku bila kumuuliza mtu, naye analala na njaa ghorofani akijitahidi asikutie aibu.

Macho ni hivyo hivyo. Umemlea asimkazie mtu mzima macho, aangalie chini, ajibu kwa ufupi. Mama wa kule akirudi kazini anamuuliza shule ilikuwaje leo. Anajibu nzuri, macho chini, basi. Kwako hapo hakuna kosa. Mtoto ameulizwa, amejibu, hajapayuka. Kwa mama yule swali lilikuwa mlango wa mazungumzo, na umefungwa. Atauliza kesho, keshokutwa, wiki ya tatu atapunguza, akidhani binti anataka aachwe apumue. Hapo ndipo unapoambiwa hamsemeshi siku hizi.

Na chumba. Nyumbani bila shaka analala na dada zake. Kule kapewa chumba chake peke yake, kimya hadi masikio yanawasha. Akitoka shule anaingia, anafunga mlango, anasoma, anakusubiri mtandaoni. Katika nyumba nyingi za kule mlango uliofungwa maana yake usinisumbue, na wanautii. Akikaa na madaftari yake kwenye meza ya jikoni wakati mtu anapika, hata bila kuongea, atakuwa ameshaingia kwenye familia zaidi ya alivyo sasa.

Kazi za nyumbani nazo. Kwetu mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Kule hapewi, wenye nyumba wanaona vibaya kumtuma mtoto wa watu, huku moyoni wakijiuliza mbona hasaidii. Auombe mwenyewe huo mzigo: kutoa vyombo kwenye mashine ya kuoshea, kusogeza pipa la taka barabarani siku ya gari la taka, kukunja nguo. Kazi moja iliyo yake kila wiki. Asiamke alfajiri kufagia nyumba nzima, watashtuka. (Mbwa wa ndani, kama yupo, asilazimike kumpenda. Aseme tu kwamba kwetu mbwa analala nje na anahitaji muda.)

Haya yote ukimtumia kama orodha ya maelekezo hatayafanya, maana kila moja linagonga kile ulichomfundisha miaka 16. Anahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo haiwezi kutoka kwangu wala kwa mratibu, yule mtu wa mpango anayemsimamia kule. Mpigie Jumamosi umwambie kwa kinywa chako, kwa maneno yanayofanana na haya: "Mwanangu, niliyokuambia siku unaondoka yalikuwa ya nyumbani kwetu. Sasa upo kwao. Ukisikia njaa fungua friji, mimi ndiye niliyekutuma. Wakikupa kitu unachokitaka, sema nataka, mara ile ile ya kwanza. Wakikuuliza habari za shule, mtazame mama yako wa huko usoni umsimulie jambo moja, hata la kuchekesha, kisha na wewe muulize siku yake. Kikikuuma kitu, sema. Kwa hayo hutanitia aibu." Halafu nyamaza umsikilize. Nimewaona watoto wanaolia kwa sauti wakiambiwa hivyo, kilio cha kushusha mzigo.

Kisha iandikie ile familia. Hili wazazi wengi hawalifanyi, ama kwa kuona haya ya Kiingereza, ama kwa kudhani si mahali pao. Ni mahali pako. Wengi hapa wanaamini familia zile zinalipwa. Kwa viza ya mpango wa namna hii, familia zinazopokea wanafunzi wa sekondari Marekani hazilipwi. Wanajitolea, baada ya kuchunguzwa na nyumba yao kukaguliwa. Walimtaka mtoto nyumbani kwao. Sasa wana mtoto kimya, mlango umefungwa, chakula hagusi, na wao pia wanajiuliza wamekosea wapi. Waandikie kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: washukuru, kisha waeleze kwamba kwenu mtoto hamtazami mkubwa machoni na huko ndiko kuheshimu, kwamba akikataa chakula wamuulize tena, kwamba hajazoea kulala peke yake, kwamba wamwonyeshe kazi ya kufanya kama mtoto wao, na wamwambie wangependa awaiteje, kwa sababu mtoto aliyezoea shikamoo hawezi kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, na wengi huishia kutowaita kabisa. Barua aitafsiri mwalimu wa Kiingereza wa shule yake ya hapa, au mratibu. Asiitafsiri binti mwenyewe, ataruka sehemu ya friji kwa aibu.

Malalamiko usiyaweke humo. Malalamiko yana njia yake, na njia hiyo ni mratibu wa karibu naye. Kwa kanuni za serikali ya Marekani, mratibu lazima awasiliane na mwanafunzi angalau mara moja kila mwezi, na familia vilevile. Binti aombe waketi wote pamoja, yeye, wazazi wa kule na mratibu, aseme mambo mawili au matatu ya wazi: nasikia njaa usiku, sijui nifanye kazi gani, natamani tuongee zaidi. Si "nataka kuhama". Mpe mwezi mmoja baada ya kikao hicho. Kama baada ya hapo bado nyumba imeganda, basi aombe kuhamishwa bila kuona haya. Kuhama ni jambo la kawaida katika mipango hii, na wakati mwingine watu wema wawili hawapatani tu. Ila akihama kabla ya kuachia ule wosia, atakwenda kufunga mlango wa chumba kingine.

Hatari sasa. Muulize Jumamosi hiyo hiyo, na usiulize "upo salama?", kwa sababu atajibu nipo salama. Uliza kimojakimoja. Kuna mtu amemgusa au kumsemesha kwa namna inayomtia wasiwasi? Pasipoti yake anayo mwenyewe? Kuna mlango unafungwa kwa ufunguo akiwa ndani, au chakula anachonyimwa? Anafanyishwa kazi au kulea watoto kutwa kama hausigeli? Kuna mlevi au mtu mwenye vitisho? Kuna aliyemwambia asimwambie mratibu jambo fulani? Analala kitanda chake mwenyewe? Kanuni zinasema lazima awe na kitanda chake, na kama chumba ni cha kushiriki, asiwe na zaidi ya mtu mmoja, wa jinsia yake. Jibu moja likikutisha, usisubiri mwezi wala Jumamosi nyingine. Ana kadi aliyopewa na mpango, ina namba ya shirika linalomsimamia na ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Apige siku hiyo hiyo, na wewe piga kwa ofisi iliyomsafirisha kutoka hapa. Hahitaji ushahidi ili atolewe kwenye nyumba anayoiogopa. Mwambie akupigie picha hiyo kadi, ukae nayo.

Kuhusu marafiki, umeniandikia mengi ila hukuniambia anapenda nini. Kama ni mtoto wa Dodoma wa kawaida, ama aliimba kwaya ama alicheza netiboli. Netiboli kule karibu haichezwi. Lakini mpira wa kikapu wa wasichana ni mchezo wa msimu wa baridi, na mazoezi yanaanza Novemba; mtu anayejua kudaka na kulenga pete ana pa kuanzia, hata kama kudundisha mpira kutamsumbua. Akikosa timu kubwa, aulize timu ya pili, au aombe kuwa msaidizi wa timu, abebe maji na kuandika pointi. Anayekuwepo kila jioni anazoeleka.

Kwaya ni bora zaidi. Katika shule nyingi za kule kwaya ni somo kamili, lina kipindi chake kila siku, lina mwalimu na alama. Muhula wa pili unaanza Januari, kwa hiyo sasa ndio wakati wa kumwendea mwalimu wa ushauri wa shule na kuomba kubadilisha somo moja. Mtoto aliyekulia kwenye sauti nne za kwaya za hapa, na ngoma za Wagogo zinazopokezana sauti pembeni, hataanza mkiani. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na zeze na ilimba (ala ya vidole gumba) kutoka mkoa huu huu, na watu wasiojua neno la Kigogo walisimama kumpigia makofi.

Novemba hiyo hiyo kuna wiki ya elimu ya kimataifa, na wanafunzi wa YES wanatakiwa kuelezea nchi zao mbele ya darasa au kanisa au maktaba. Asiende na picha za Serengeti tu, ambako pengine hajawahi kufika. Aelezee mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ukangoja miongo kadhaa serikali ihamie kweli. Aelezee zabibu zinazovunwa katikati ya ukame. Na apike. Unga wa mahindi unaouzwa kule mara nyingi ni wa njano na wa chengachenga, ugali unatoka mchangamchanga. Atafute mweupe uliosagwa laini kwenye maduka ya Waafrika, mjini. Unga wa tortila, chapati za Wameksiko, ni mweupe pia, ila mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ladha ni nyingine. Bamia za barafu zipo kila mahali, kwa hiyo hata mlenda unawezekana, lakini mlenda asianze nao.

Baridi itakuja na itamshangaza. Asubuhi za Julai tunazozilalamikia hapa ni nyuzi 13 au 14. Kule Januari usiku ni nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, na Desemba saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Giza linaumiza kuliko baridi. Atoke nje mchana kila siku hata robo saa, na akiona usingizi na machozi vinazidi mwezi wa kwanza na wa pili, amwambie mratibu ampeleke kwa daktari. Bima ya mpango anayo.

Pengine kwenye semina ya maandalizi mlichorewa mstari wa hali ya moyo ya mgeni, unaoshuka mwezi wa pili au wa tatu kisha unapanda wenyewe. Asili yake ni utafiti wa mwanasosholojia Lysgaard, wa 1955, juu ya Wanorwei waliokwenda Marekani. Miaka ya 1990 mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake waliwafuata wanafunzi wa Kijapani New Zealand tangu siku za kwanza, na wakakuta dhiki ilikuwa kubwa zaidi pale mwanzoni, si katikati. Kwa hiyo msikae kusubiri mstari upande. Fanyeni haya ya simu, barua na ruhusa sasa.

Kwa baba yake, hesabu ni hii. Akirudi leo, shule hapa zinafunga mwaka, ataanza tena Januari. Akirudi Juni atakuta mwaka umefika katikati, na masomo ya kule hayaingii kwenye hesabu za mtihani wetu wa kidato cha nne. Wengi hurudi kidato walichokiacha. Mwaka mmoja wa shule umeshatumika, abaki au asibaki. Ninachowaomba mfanye kabla shule hazijafungwa ni kwenda kwa mkuu wa shule yake, na matokeo yake ya kidato cha pili na barua ya mpango mkononi, mkubaliane nafasi yake ya kurudi, kidato gani na lini atasajiliwa kwa mtihani. Mwombe aliandike, kwa muhuri, kwa sababu wakuu wa shule huhamishwa.